Anakojoa Kama Guka

Rhonda, Nakuru
9 Februari 1975

...na ndiyo maana siku ya harusi yangu nilikuwa nakimbia kando ya lori na viatu mkononi, Wangare dada yangu. Wakwe zangu walidhani nalia kwa sababu mnaniacha. Kumbe nilikuwa na neno la kukuambia, na yule dereva wa kiwanda cha mbao hakunipa nafasi. Alitia moto akaondoka na wageni wangu wote wa Elburgon, mkiimba. Neno lenyewe nitalifikia. Nipe kwanza nafasi ya kufurahi.

Hamjambo huko? Mumeo Wanyoike yuko salama? Na Guka Thuo, babu wa mtoto, baridi imemwachia magoti? Mwanao Thuo mdogo mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya Tata, mama yake mdogo. Sisi hatujambo, na hilo neno "sisi" nikiliandika kalamu inataka kucheza. Mbona hukuniambia, dada? Umeolewa miaka yote hiyo na hukuniambia! Gachanja akirudi kutoka kiwanda cha pareto koti lake linanukia maua makavu, namjua kwa harufu kabla hajafika mlangoni. Kisha anabisha hodi. Nyumbani kwake mwenyewe! Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Napenda kukusikia ukiuliza ni nani." Chumba ni kimoja tu, lakini amekipaka chokaa kikawa cheupe kama yai, na kitanda cha mtarakwa alichotuchongea Wanyoike kimechukua nusu yake. Asubuhi mume wangu hunywa chai akiwa amesimama ili anione vizuri. Mimi nacheka tu kama mjinga.

Sasa lile neno. Unakumbuka wakati wa kupiga picha Thuo alipotea? Nilimtafuta mwenyewe na gauni langu jeupe, nikamkuta nyuma ya ua wa kanisa. Alikuwa amesimama, amejikaza mpaka mishipa ya shingo imetoka, machozi yanamlengalenga, na mkojo unatoka tone, unakatika, tone tena, mengine yanaangukia viatu vyake vipya.

Nikamwuliza, "Thuo, unaumwa?"

"Hapana, Tata Wariara. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Haja iishe."

Dada, nilisimama pale mpaka mpiga picha akachoka kuniita, na mtoto alikuwa bado anangoja. Mtoto wa miaka mitano!

Juzi nilimsimulia Mama Manju, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa ninakoshona. Hata sikumaliza. Aliweka mkasi chini akaniambia mtoto wa dada yake alikuwa hivyo hivyo, na alipona. Anasema huo ni ugonjwa, na una tiba. Niambie basi, Thuo anakojoa hivyo kila siku? Usiku je? Homa humshika mara kwa mara? Nijibu upesi, tafadhali, furaha yangu ina shimo hapo.

Mdogo wako,
Wariara (sasa Bibi Gachanja, ona!)


Elburgon
6 Machi 1975

Mpenzi Wariara,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la kiwanda mpaka Wanyoike akaikumbuka, nawe unajua Wanyoike hukumbuka barua siku ambayo msumeno umeharibika. Tumepanda viazi. Njegere zimeliwa na baridi. Magoti ya Guka ni yale yale, lakini mdomo hauna ugonjwa.

Nimefurahi kwamba umefurahi. Mume anayebisha hodi kwake sijawahi kumwona. Wa kwangu huingia na buti na unga wa mbao mpaka kwenye sufuria. Mshike vizuri huyo.

Kuhusu Thuo, usijisumbue. Ndivyo alivyo tangu kuzaliwa, na hapa hakuna anayeshangaa. Yule ni wajina wa baba mkwe, na unajua mtoto akipewa jina la mtu amekuwa yule mtu. Guka naye hukaa sana kule nyuma ya ua kabla hajarudi. Wakienda pamoja watu huwacheka, na yeye huwajibu kwa majivuno, "Mliniita mara mbili, mnataka nikojoe namna mbili?" Kila mgeni akija huambiwa, anakojoa kama Guka. Hata Wanyoike hawezi kumchapa kwa kulowesha godoro. Humwita mtoto "baba", na nani atampiga baba yake? Kwa hivyo godoro naanika mimi, kila asubuhi, na mambo yanaendelea.

Homa ni ya baridi ya milima hii ya Mau. Watoto wa huku wote wana homa.

Wewe bado ni bibi arusi. Kula, lala, cheka.

Dada yako,
Wangare


Rhonda, Nakuru
14 Machi 1975

Dada yangu Wangare,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila siku hizi harufu ya mafuta ya taa inanigeuza tumbo. Gachanja amechukua jiko. Amini usiamini, anapika! Ugali wake una mabonde na milima kama Menengai, nami naumaliza wote nikimtazama kwa jicho la mahaba. Jumapili alinipeleka kutembea mpaka tukaona ziwa kwa mbali limegeuka rangi ya waridi kwa ndege, akasema yote hayo ameniagizia mimi. Nikamwambia yatatosha.

Lakini Wangare, umenikasirisha. Godoro kila asubuhi! Nawe unaandika "mambo yanaendelea"!

Nimemwona daktari. Anaitwa Daktari Jaswant, Kalasinga mpole mwenye kilemba cha samawati. Anatoka Nairobi, huja kupasua watu katika hospitali ya hapa mara moja kila baada ya miezi kadhaa, na akija hunywa chai kwa Mama Manju. Niliitwa kutoka dukani nikamweleza yote, tone kwa tone. Alinisikiliza, kisha akachukua birika lililokuwa mezani akamimina. Majani yalikuwa yameziba mdomo wa birika, chai ikawa inadondoka hivi, ikikatikakatika. Mama Manju akanyoosha mkono afungue kifuniko. Daktari akamzuia.

"Usifungue birika, mama. Birika ni zima."

Akachukua kijiti chembamba, akakiingiza kwenye mdomo wa birika, akachokoa kidogo, na chai ikashuka kwa nguvu mpaka kikombe kikafurika. Ndivyo ilivyo, dada! Ndani ya njia ya mkojo ya Thuo huenda kuna utando mwembamba, kama kipande cha ngozi ya kitunguu, unaofunga mlango. Amezaliwa nao. Si uvivu, si baridi, si kosa lako wala la mtu yeyote. Zamani walikuwa wakimpasua mtoto tumbo. Siku hizi wana mrija, mwembamba kuliko penseli, una taa na kioo cha kutazamia. Mtoto analazwa usingizi, mrija unapitishwa pale pale anapokojolea, daktari anauona ule utando kwa jicho lake, anaukata kwa ncha ndogo iliyo mle ndani, basi. Tumbo haliguswi. Kovu hakuna.

Lakini akasema tusikae. Mkojo usiotoka hurudi juu kwenye figo, na figo huharibika polepole, kimya kimya, huku watu wakisema ni homa ya baridi. Siku moja zinakataa kazi, na hapo hana kijiti cha kuzichokoa. Aliniuliza kama unaweza kumleta atakaporudi katikati ya Aprili, nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Ameahidi kuja na ule mrija wa watoto. Nilimwuliza pia kama jambo hili huwapata watoto wengine wa ukoo, kwa mfano wa upande wa mama. Alinitazama kwanza, ndipo akasema si kawaida.

Mlete, Wangare. Nitawangoja kwenye steji ya magari na chakula kitakuwa tayari.

Akupendaye,
Wariara


Elburgon
8 Aprili 1975

Mpenzi Wariara,

Salamu. Barua yako tuliipata, sote. Mvua imeanza vibaya, na barabara ya kiwandani imekuwa uji. Malori yamekwama na magogo yake. Ng'ombe yuko karibu kuzaa, na palizi ya viazi haingoji mtu.

Mwezi huu haitawezekana kuja. Mshukuru daktari kwa niaba yetu.

Wangare


Rhonda, Nakuru
2 Mei 1975

Dada,

Nakusalimu, maana ni lazima.

Barua yako ya tarehe nane ilifika baada ya daktari kurudi Nairobi. Kwa hivyo nataka ujue nilivyofanya. Nilipika mchele. Nikaazima godoro dogo kwa Mama Manju na mpira wa kutandika chini, ili Thuo asione aibu. Nikaenda kwenye steji asubuhi, nikatazama kila gari lililotoka Molo na Elburgon, na kila mama aliyeshuka na mtoto nilianza kutabasamu, kisha nikaliacha tabasamu. Jioni Gachanja alikuja kunichukua. Alinivika koti lake. Nililia kwenye lile koti mpaka pareto ikanipigisha chafya, na yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu nikalia tena. Ndiyo mume niliyempata. Ningetamani kuwa na furaha naye kwa wiki moja tu bila kufikiria mkojo wa mtu.

Ng'ombe! Ng'ombe anazaa peke yake, Wangare. Wanyoike hajui kupalilia? Kuna kitu huniambii. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka shule siku nilipokatwa na chupa mguuni. Hukungoja mvua iishe. Umekuwaje?

Na umeandika "tuliipata, sote". Sote ni nani?

Wariara


Elburgon
25 Mei 1975

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Ng'ombe alizaa jike. Uliuliza, nami nimekaa na jibu lako siku nyingi kwa sababu halina heshima. Lakini nitaliandika.

Unajua hapa barua ya mjini haisomwi na mtu mmoja. Ikija, tunangoja chakula kiishe, halafu mimi naisoma kwa sauti na wote wanasikiliza. Wanakupenda. Ile ya kwanza niliruka kipande cha Thuo, nikawasomea chokaa na kitanda na mume anayebisha hodi, wakafurahi sana. Ya pili niliianza bila kuipitia, maana Guka alikuwa ana haraka ya kusikia. Ugali wa Gachanja uliwavunja mbavu. Birika likawapendeza. Ulimi wangu ukawa unakimbia, nikafika kwenye mrija, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshasoma, mbele ya baba mkwe wangu, ni wapi unapopitishwa. Na kwamba kuna kukata.

Guka akaielekeza fimbo yake kwenye karatasi. 

Akasema, "Rudia hapo."

Nikamwambia, "Baba, siwezi."

Akasema, "Mtoto wa kiume haguswi na chuma hapo kabla ya siku yake. Siku yake ikifika ataenda na wenzake, kwa miguu yake, akiwa macho. Si kulazwa usingizi kama kuku na kuamka ameshakatwa na Kalasinga. Wenzake watamwita nani?"

Nilimweleza kwamba si kule kukata kwa tohara. Wanyoike alikuwa anatazama buti zake. Ni mwanaume wa kubeba gogo peke yake, lakini mbele ya baba yake hana sauti.

Ukweli ni kwamba hilo la kukatwa silo lililomuuma mzee. Nilikuja kulijua baadaye. Alinikuta naanika godoro, akasimama na fimbo yake. "Huyo mdogo wako ameandika kwamba mtoto ni mgonjwa kwa sababu anakojoa hivyo. Mimi nakojoa hivyo. Kwa hivyo jina langu ndilo lenye ugonjwa? Nilimpa mtoto jina au nilimpa maradhi?" Tangu siku hiyo hamchukui tena kule nyuma ya ua. Anaenda peke yake. Na Thuo anaenda peke yake upande mwingine, anangoja, anarudi na kaptura imelowa, ananiuliza kwa nini Guka amemkasirikia.

Kwa hivyo usinihesabie ng'ombe. Nitamtoaje mtoto huyu katika boma hili wakati mwenye jina amekataa?

Na tafadhali, yale mambo mengine uyaandike kwenye karatasi ya peke yake.

Wangare

Karatasi ya peke yake kutoka kwangu pia: mafuta ya taa yanakugeuza tumbo tangu lini? Na yale maswali ya "upande wa mama" uliyomwuliza daktari, ulikuwa unamwulizia mtoto yupi?


Rhonda, Nakuru
15 Juni 1975

Dada yangu,

Pokea salamu za kweli safari hii. Nilisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena, na hasira yangu yote haikuwa na mahali pa kukaa. Guka ningemkasirikiaje? Nilimtukana bila kujua, kwenye karatasi yenye maua pembeni.

Kwa hivyo tulifanya mpango wa Gachanja kuja kusema na Guka, na hakutaka nikuandikie mpaka uzae matunda. Umeuona mwenyewe Jumamosi alipofika kwenu. Mimi naandika ili unieleze kilichotokea, kwa sababu mume wangu hawezi! Alitoka hapa na maneno yote kichwani, tumeyafanyia mazoezi, mimi nikiwa Guka na mto tumboni. Amerudi na gunia la viazi.

"Ulimwambia?"

"Nilimsalimia."

"Halafu?"

"Akanikaribisha."

"Halafu?"

"Wariara, mimi ni mkwe mpya. Wamenichinjia kuku. Nitaanzaje kumwambia mzee habari za kukojoa huku ananipa firigisi?"

Nilikaa juu ya hilo gunia. Mume wangu ni mzuri mno. Ni wa kupendwa, si wa kutumwa. Viazi vyenyewe ni vitamu, Mungu anisamehe.

Daktari anarudi mwishoni mwa Julai. Safari hii sitapika kabla hujafika, sitasimama kwenye steji. Nimechoka, Wangare. Nimechoka na heshima ya kila mtu. Wanyoike anamheshimu baba yake, wewe unamheshimu Wanyoike, Gachanja anaheshimu kuku, na katikati yetu kuna mtoto anayengoja iishe.

Kuhusu mafuta ya taa: sitaki kuliandika bado. Nikiliandika nitaanza kuogopa kwa wino. Nikilala huwaza, na akiwa wa kiume? Sijamwambia mtu zaidi ya Gachanja, na yeye amebisha hodi kwenye tumbo langu, yule mwendawazimu.

Mlete.

Wariara


Rhonda, Nakuru
17 Agosti 1975

Dada yangu mpendwa,

Tangu mpande lile lori la kurudi nyumba imekuwa kubwa mno. Chumba kimoja, lakini kimekuwa kikubwa. Gachanja anamwulizia Thuo kila jioni. Hajambo? Analala mkavu? Wewe je, umepokelewaje?

Mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile uliyonitokea mlangoni mwili unanisisimka. Ulikuwa na unga wa mbao kwenye nywele, mtoto mgongoni anawaka homa kama jiko, na neno ulilosema lilikuwa moja tu: "Sikuomba ruhusa." Hata siku ile uliyonibeba mpaka shule sikukupenda hivyo. Nilidhani nitakusema kwa kuchelewa, nikajikuta naziosha nywele zako.

Kuna vitu hukuviona, nami nataka uwe navyo. Zile siku za sindano za kuishusha homa hukulala, kwa hivyo siku yenyewe ya mrija, Thuo alipoingizwa ndani, ulikaa kwenye benchi ukafumba macho. Mimi nikabaki macho kwa niaba yetu wawili. Nilidhani nitasikia kitu. Hakikusikika kitu. Muuguzi alipita na trei imefunikwa, na nikaona ule mrija wenyewe, dada, ni kitu kidogo cha kung'aa, ungeweza kukisahau kwenye mfuko wa aproni. Miezi yote tuliyogombana ilikuwa juu ya kitu kile!

Daktari Jaswant alipotoka kilemba kilikuwa kimelala upande. Akaniambia, "Utando ulikuwepo, kama tulivyoona kwenye picha ya eksirei. Nimeukata pande mbili. Hakuna hata uzi mmoja wa kushona." Nikamwuliza lile la Guka: jambo lenyewe la kiume limeguswa? Akacheka, akasema, mwambie mzee kila alichozaliwa nacho mtoto kiko mahali pake, siku yake ikifika hakuna atakayejua kwamba mtu alipita. Ndipo nikamwambia kwamba mzee naye hukojoa vivyo hivyo. Akaacha kucheka. Akasema ya mzee si hiyo, ni ya umri, kuna kitu huvimba na kuibana njia, na hiyo pia siku hizi hutibiwa kwa mrija bila kufungua birika. Usimwambie Guka! Nisije nikamtukana mara ya pili.

Halafu akasema jambo jingine, kuhusu figo ya kushoto, na kuhusu Aprili. Hilo sitaliandika, nawe usiniulize.

La mwisho ni langu. Siku ya pili baada ya kutolewa ule mpira wa kupitishia mkojo, nilimpeleka Thuo nje mimi, wewe ukiwa unafua. Alisimama, akajikaza kama kawaida yake, uso ukakunjamana. Na ile haja ikatoka tu. Ilitoka mbele, juu, ikapiga ukuta. Alishtuka akajishika kama ameshika bomba lililopasuka. Akanitazama kwa hofu. "Tata, nimeharibu?" Nikamwambia hujaharibu, mpenzi. Akasema, "Lakini imeisha." Nilikaa chini pale pale, na hali yangu hii, ikabidi Mama Manju aje aninyanyue.

Niandikie. Wamekufanyia nini huko?

Wariara wako


Elburgon
7 Septemba 1975

Mdogo wangu Wariara,

Salamu kutoka kwa wote, na nikisema wote safari hii ni wote. Thuo analala mkavu siku nyingi kuliko za kulowa. Sukari mliyompa imekwisha siku aliyofika. Wewe usibebe ndoo, na huyo Gachanja aendelee kupika hata kama ni milima. Mtoto wako akiwa wa kiume tutamtazama vizuri akikojoa, basi, hakuna tena la kuogopa.

Neno la Aprili nalijua. Sikuwa nimelala kwenye lile benchi. Nilifumba macho tu. Kwa hivyo usinifichie, na mimi sitakulilia kwenye karatasi. Figo moja ni nzima na mtoto anakua nayo. Ile nyingine, ambayo Aprili ingeokoka, nitaibeba mimi.

Umeuliza nilivyopokelewa. Wanyoike alinipokea barabarani, akamchukua mtoto, akasema, "Karibu nyumbani, Baba," na machozi yakamtoka. Guka hakusema. Wiki nzima na zaidi alikunywa chai kutoka kwa mkono wa Wanyoike. Mimi nikiingia, yeye anatoka na fimbo yake. Nilipika, nikafua. Nilikuwa nimemchukua wajina wake kama mwizi, sikuwa na la kujitetea.

Ua wetu unaujua, ni wa mabanzi ya mbao, na kitu kikiyapiga kinasikika mpaka jikoni. Alhamisi asubuhi Guka alikuwa kwenye kigoda chake anaota jua. Thuo akatoka mbio, akasimama pale pale pao pa zamani, na mabanzi yakalia kama yamepigwa na mvua ya mawe. Mara moja, kwa nguvu, kwisha. Akarudi mbio kwa ndama wake.

Mzee aligeuza kichwa. Akainuka, akaenda mwenyewe nyuma ya ua. Niliosha vyombo vyote, nikavipanga, nikavikausha, na yeye bado yuko kule. Aliporudi alisimama mlangoni pa jiko.

"Mama Thuo."

Lilikuwa neno la kwanza. Nikasimama. "Naam, Baba."

"Ndiyo amemaliza vile?"

"Amemaliza."

"Mara moja?"

"Mara moja, Baba. Na hawakumkata. Kila kitu kinangoja siku yake."

"Najua. Nimemtazama akioga." Akachora chini kwa fimbo. "Kwa hivyo hatufanani tena."

 Nilitaka kumwambia lile la daktari, nikakumbuka ulivyonikataza. Basi aliyejibu ni Thuo, aliyekuwa amekuja na ndama nyuma yake. Alisema, bila heshima hata kidogo, "Guka, wewe bado una majani kwenye birika. Yangu waliyatoa. Haiumi, unalala tu. Twende nikupeleke."

Nilifunika uso kwa leso. Nilidhani fimbo itapanda. Mzee alimtazama mtoto, halafu mabega yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka, meno yake yote matatu nje.

"Huyo Kalasinga," akaniuliza, akitazama pembeni, "anao mrija wa saizi yangu?"

Nikamwambia anao.

"Na wewe utasubiri nje."

"Nitasubiri nje, Baba. Mbali."

"Na mdogo wako asiandike."

Kwa hivyo sijakuandikia, umesikia? Barua hii sitaisoma jikoni. Koti la Guka, lile la harusi yako, limeanikwa kwenye ua, Wanyoike amelipiga brashi mara mbili, na Thuo ameshatangaza kwamba yeye ndiye atakayekaa katikati ya Guka na dereva, maana ndiye anayeijua njia. Mwambie daktari atungoje akija kumtazama Thuo mwisho wa mwezi. Pika mchele, na safari hii simama kwenye steji bila wasiwasi. Tutashuka hapo, wote watatu, kabla ya mwezi huu kuisha.

Dada yako,
Wangare